Seli Shina na Kiharusi: Tumaini Limefikia Wapi?

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi huniuliza mara kwa mara: je, tuuze shamba ili atibiwe kwa seli shina? Swali hili lastahili jibu la wazi.

Mshipa wa damu unapoziba, seli za ubongo hufa, nazo hazifufuki. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Baada ya hapo, tegemeo kuu ni mazoezi ya viungo.

Awali ilidhaniwa kuwa seli shina za uboho zingegeuka seli mpya za ubongo. Baadaye ilibainika kwamba nyingi, zikidungwa mshipani, hunaswa mapafuni. Faida iliyoonekana kwa wanyama ilitokana zaidi na vile zinavyotoa, vikiwemo vifuko vya takriban nanomita 30 hadi 150, vilivyobeba protini na RNA. Mwaka 2013, watafiti wa Henry Ford Hospital, Detroit, waliwadunga panya wenye kiharusi vifuko hivyo pekee, nao wakapata nafuu.

Binadamu si panya. Jaribio la TREASURE nchini Japani, lenye wagonjwa 206, halikuonyesha katika kipimo chake kikuu kwamba seli za uboho ziliishinda dawa bandia.

Basi, msiuze shamba. Utafiti halali kwa kawaida haumuuzii mgonjwa tiba ambayo bado inajaribiwa. Mwahisheni hospitali, dhibitini shinikizo la damu, wala msiache mazoezi.