Somo la Afya: Mwuguzi wa Akili na Kazi ya Jamaa wa Mgonjwa

Mtu akishikwa na homa, jamaa zake humpeleka zahanati mara moja. Lakini akikosa usingizi siku nyingi, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, watu huona haya wakamficha ndani. Pengine hufungwa kamba. Siku za kutibiwa hupotea hivyo, na ugonjwa hukomaa.

Mwuguzi wa akili ni mwuguzi aliyejifunza hasa kazi ya magonjwa hayo. Zamani watu walijua Hospitali ya Mirembe tu, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, nayo ni mbali sana na Rufiji. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza, katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kuwafundisha wafanyakazi wa zahanati kuwatibu wagonjwa karibu na kwao. Basi na sisi wa Nyamisati tuanzie zahanati. Ikiwa mwuguzi huyo hayupo, tutaandikiwa barua ya kwenda hospitali.

Lakini mwuguzi peke yake hatoshi. Jamaa wana kazi nne.

Kwanza, kusema kweli. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mtu anasikia sauti. Damu hupimwa kwa sababu malaria kali nayo huvuruga akili. Mengine mwuguzi huyapata kwa kuuliza: ugonjwa ulianza lini? Mgonjwa analala? Anatumia pombe, bangi au dawa za mganga wa kienyeji? Msimfiche. Yeye si askari.

Pili, dawa isikatishwe. Tutazame kifafa. Kifafa si wazimu wala hakiambukizi, lakini katika nchi yetu mara nyingi hutibiwa na wauguzi hao hao. Tuseme kijana mvuvi ametumia fenobabitoni miezi mitatu asianguke. Akadhani amepona, akaiacha. Kuiacha ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo, naye yumo mtumbwini katikati ya mto! Tena safari za delta hungoja maji yajae. Kwa hiyo hesabuni vidonge mapema, mwende kabla havijaisha.

Tatu, dawa ikileta taabu, rudini. Haloperidoli, kwa mfano, huweza kukaza shingo au kutetemesha mikono. Msiitupe. Mwelezeni mwuguzi, ili kipimo kipunguzwe au dawa ibadilishwe.

Nne, mgonjwa asitengwe. Kuanzia mwaka 1954, huko Aro, Nigeria, Daktari Thomas Lambo aliwaweka wagonjwa katika nyumba za wanakijiji pamoja na ndugu zao, wakaenda kutibiwa hospitali na kurudi. Mgonjwa aliyetulia apewe kazi anayoiweza, kama kushona nyavu au kupalilia, na asiitwe majina ya dhihaka.

Jambo moja halingoji zamu. Mgonjwa akisema kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe kutibiwa saa ile ile, ijapokuwa ni usiku.

Maswali
1. Kwa nini damu ya mgonjwa hupimwa?
2. Mvuvi wetu alikosea nini, na ndugu zake wangefanya nini?
3. Je, yuko mtu kijijini kwenu anayefichwa? Utawaambia nini jamaa zake, kwa adabu?