Chakula Kilichobaki Safarini: Ushuke Nacho Ifakara au Ukiache?

Msafiri wa Dar es Salaam kwenda Ifakara hatoki nyumbani mikono mitupu. Awe kwenye basi linalopita Morogoro, Mikumi na Kidatu, au kwenye behewa la TAZARA, chini ya kiti chake utakuta hotpoti ya wali, chapati zilizofungwa kwenye foili, mayai ya kuchemsha, pengine na nusu kuku. Njiani ananunua tena, maana wauza ndizi, karanga na mahindi ya kuchoma hawakosekani dirishani. Anapofika, chakula bado kipo, na hakuna mama wa bonde la Kilombero atakayekitupa hivi hivi. Anakifunga vizuri: watoto watakula jioni, kitakachobaki kitakwenda bandani.

Kutotupa chakula ni malezi mema, na kwa watu wanaojua jasho la kupandikiza mpunga kwenye matope si jambo la kushangaza. Ila vyakula vyote havisafiri sawa. Tuanze na wali, kwa sababu ndio unaobebwa na wengi na ndio unaodanganya zaidi.

Mchele huja na bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Mbegu zake ngumu hazifi sufuria inapochemka. Hujikunyata, zikisubiri wali upoe. Wali ukiwa vuguvugu kwa muda mrefu, huamka, huzaana na kuacha sumu. Kwa desturi tunapasha kiporo moto tukiamini kwamba moto umemaliza kila kitu. Moto unaua bakteria, lakini ile sumu inayotapisha haiharibiwi na joto la jikoni. Mtu anaweza kula wali uliopashwa ukatoa mvuke na bado akaanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6.

Kanuni ya kawaida ya usalama wa chakula ni hii: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto lililo kati ya nyuzi 5 na 60, na kukiwa na joto la nyuzi zaidi ya 32, muda huo ni saa 1 tu. Ifakara iko chini, mita zisizofika 300 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Novemba kabla ya mvua joto la ndani ya basi lililosimama linapita nyuzi 32 bila taabu.

Je, hotpoti haisaidii? Inasaidia, kwa masharti. Hotpoti haina moto wake, inatunza ule uliouweka. Imimine maji yanayochemka, iache dakika chache ipate joto, mwaga maji, kisha pakia wali ukiwa umetoka jikoni, ujaze hadi juu na ufunike. Usiifungue mpaka saa ya kula. Chukua mfano wa safari ya kawaida. Umepakia saa 11 alfajiri, umefungua saa 6 mchana watu wamekula, mkafunika uliobaki. Mmeshuka Ifakara saa 10 jioni. Usihesabu kuanzia ulipofika, hesabu kuanzia kifuniko kilipofunguliwa: saa 4 zimepita. Wali huo si wa kumpa mtoto, hata kama bado una uvuguvugu. Tena uvuguvugu ndio mbaya. Ungekuwa wa moto wa kuunguza ulimi ungekuwa salama zaidi.

Wengine hunusa. Pua inafaa kwa wali wa nazi, ambao huchacha mapema na kujitangaza. Wali mweupe hauna tabia hiyo, unaweza kuwa na sumu bila harufu wala utelezi. Kwa hiyo saa iliyo mkononi ina maana zaidi kuliko pua. Na kwenye treni mambo ni magumu zaidi, kwa sababu treni ikichelewa, hesabu ya chakula haisimami kuisubiri. Mwenye safari ya treni apakie wali wa mlo mmoja tu, unaolika ukaisha, na milo inayofuata iwe ya vitu vikavu.

Vitu vikavu ni vipi? Chapati zisizo na mchuzi, mkate, karanga, mihogo iliyokaangwa ikakauka, na pepeta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo chakula bora cha safari kilichowahi kutoka kwenye shamba la mpunga: nyepesi, haidai moto, na mtoto anaitafuna bila kuchafua kiti. Ndizi na machungwa yakiwa bado na maganda yake hayana shida. Mayai ya kuchemsha watu huyaamini kwa sababu ya ganda, lakini yakishachemshwa yahesabie saa kama nyama. Samaki wa kukaanga naye ni wa siku hiyo hiyo. Kambale au kitoga aliyekaushwa vizuri kwa moshi ni habari nyingine, huyo anafika Dar na anabaki mzima, mradi umfunge kwenye karatasi au kikapu apate hewa, si kwenye plastiki anakotoa jasho na kuota ukungu. Mifuko ya plastiki ya kubebea yenyewe imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kikapu kinakuepusha na mawili.

Basi uliyeamua kutupa, unatupa wapi? Si dirishani. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na ukitazama pembeni utawaona nyani wamekaa kitako kando ya lami. Hawapungi upepo. Wamejifunza kwamba basi hutoa maganda ya ndizi na mifupa ya kuku, na kila ganda linalotupwa linamfundisha mwingine kusogea barabarani, ambako magari ya mizigo hayana breki za huruma. Mbele ya Kidatu barabara inapita chini ya milima ya Udzungwa, na huko mambo ni yale yale. Mwombe konda chombo cha taka au weka kwenye kikapu chako hadi stendi.

Sasa bandani. Kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, kaya nyingi zina nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, na makombo ya safari ndiyo karamu yao. Kama ndani ya makombo hayo mna vipande vya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, vilivyonunuliwa njiani, simama hapo hapo. Homa ya nguruwe ya Afrika huenezwa na nguruwe wagonjwa, kupe wa jamii fulani, na nyama. Virusi vyake huvumilia kwenye nyama mbichi, iliyokaushwa au iliyoiva nusunusu kwa wiki na hata miezi. Binadamu haumwi ugonjwa huu, ndiyo maana mlaji hashtuki. Nguruwe hufa ndani ya siku chache, na tiba hakuna.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1921, na namna ulivyotoka Afrika ni habari ya makombo ya wasafiri. Mwaka 1957 ulizuka karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, Ureno, baada ya nguruwe kulishwa mabaki ya chakula cha ndege. Mwaka 2007 ukaibuka Georgia, karibu na bandari ya Poti kwenye Bahari Nyeusi. Wataalamu wanaamini uliingia na mabaki ya chakula yaliyoshushwa melini, na aina ya virusi vilivyoonekana ilifanana na vya kusini-mashariki mwa Afrika. Kutoka hapo ulienea Urusi, ukaingia Umoja wa Ulaya mwaka 2014, na China mwaka 2018, ambako mamilioni ya nguruwe walikufa au kuuawa. Abiria wa meli za kitalii wanaokatazwa kushuka na soseji iliyobaki kwenye sahani hudhani wanaonewa. Hawaonewi.

Kwa mfugaji wa bonde, lililo salama kabisa ni kutompa nguruwe masalia yoyote yenye nyama. Ukilazimika, yachemshe kwa dakika 30 tangu yaanze kutokota, ukikoroga ili moto ufike katikati, kisha yapoe kabla ya kuyapeleka. Ukiona nguruwe wamekataa chakula, wana homa, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au zambarau, mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, na usiuze wala kugawa nyama.

Mahindi ya zawadi nayo yasisahaulike. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wa Tabora walimpachika jina la Scania alipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, asili yake ni Amerika ya Kati. Aliletwa na nafaka iliyosafirishwa. Ukipewa debe la mahindi mahali pengine, lipepete na ulichunguze kabla hujalimimina ghalani penye mahindi yako.

Mwishowe kuna wanaotoka bondeni kwenda mbali. Mtoto anasoma Ulaya, mama anataka kumpelekea ladha ya nyumbani. Nyama na maziwa kutoka huku havipiti kabisa kwenye mzigo wa abiria anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya. Matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe halimo, kwa sababu ya nzi wa matunda. Mmoja wa kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na haukupita muda akawa Tanzania. Marekani wanataka utaje kila chakula ulicho nacho, hata tofaa ulilopewa ndani ya ndege. Ulichokitaja, kibaya zaidi kinachoweza kukipata ni kutupwa na ofisa, nawe ukaendelea na safari yako. Ulichokificha ndicho utakachotozwa faini.