Mlango wa Chuo na Jina la Baba

Wasomaji wetu wengi wamezoea kusikia kwamba katika Marekani kila mtu hupata mahali pake kwa akili na juhudi zake mwenyewe. Usemi huo una kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Anayetaka kuifahamu nchi ile sharti atazame jinsi vyuo vikuu vyake vyenye sifa kubwa vinavyowachagua wanafunzi. Leo twapenda kueleza milango miwili ya pembeni ya vyuo hivyo: mlango wa watoto wa wahitimu, na mlango wa wachezaji.

Kwanza yafaa tujue wingi wa wagombeao nafasi. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea maombi zaidi ya 54,000, kikawakubali vijana 1,937 tu. Penye msongamano wa namna hiyo, nafasi anayopewa mmoja kwa upendeleo humtoka mwingine, ingawa huyo mwingine hataambiwa kamwe ni nani aliyeichukua.

Mlango wa kwanza ni wa nasaba. Mwombaji ambaye baba au mama yake alihitimu katika chuo kile kile hutazamwa kwa jicho la huruma kuliko wenzake. Desturi hii ilipata nguvu katika miaka ya 1920. Wakati huo vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, walikuwa wakishinda mitihani ya kuingilia na kupata nafasi nyingi. Mwaka 1922 mkuu wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi yao iwekewe kikomo. Vyuo vikubwa vikaanza kupima tabia ya mwombaji na ukoo wake pamoja na alama zake, na wana wa wahitimu wakatengewa upendeleo. Siku hizi hutolewa sababu nyingine: ati desturi hiyo hudumisha udugu wa chuo na kuwavuta wahitimu wachangie fedha.

Mlango wa pili ni wa michezo. Makocha wa chuo huwatafuta vijana hodari, kisha hupeleka majina yao katika ofisi ya kuwapokea wanafunzi. Hapa msomaji aweza kutupinga na kusema: mchezo ni jasho, wala jasho halirithiwi. Tena atatukumbusha Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, akapata nishani ya fedha ya mbio za mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980; au Mkenya Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978. Ni kweli, na twaisifu njia iliyowafikisha huko. Lakini vyuo hivyo viwili ni vya serikali, na mchezo wao ulihitaji miguu na barabara tu. Harvard ina timu 42, na miongoni mwake zimo za kupiga makasia, mashua za tanga, skwoshi na vitara. Je, ni shule ngapi za watu wa kawaida zenye mashua na walimu wa vitara? Jasho ni la mtoto, lakini uwanja ulinunuliwa na baba.

Mambo haya yalidhihirika kwa sababu Harvard ilishtakiwa mwaka 2014, na kesi iliposikilizwa Boston mwaka 2018 hesabu za chuo zikaletwa mezani. Mtaalamu wa uchumi Peter Arcidiacono, aliyekuwa shahidi wa washtaki, akachapisha uchunguzi pamoja na wenzake mwaka 2019. Waligundua kwamba katika kila vijana Wazungu 100 waliokubaliwa, zaidi ya 43 walikuwa ama wachezaji walioitwa na makocha, ama watoto wa wahitimu, ama watoto wa wafanyakazi wa chuo, ama waliomo katika orodha ya pekee ya wakubwa, wakiwamo jamaa za wafadhili. Walikadiria kwamba robo tatu yao hivi wangalikataliwa kama wasingalikuwa na upendeleo huo.

Mwaka huo huo wa 2019 serikali ilifichua hila ya William Singer, aliyepokea mamilioni ya dola kutoka kwa wazazi matajiri, akawahonga makocha wawaandikishe kama wachezaji watoto wasiojua mchezo. Alifungwa. Hata hivyo tusidanganyike: hila ile iliwezekana kwa kuwa mlango wenyewe ulikuwapo, na ni halali.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilivikataza vyuo kuhesabu rangi ya mwombaji katika kumchagua. Milango miwili tuliyoitaja haikufungwa na hukumu hiyo. Basi ikawa mzao wa watumwa wa zamani hawezi kupewa nafasi kwa ajili ya rangi yake, bali mtoto wa mhitimu aweza kupewa kwa ajili ya nasaba yake.

Wako waliosahihisha njia. Johns Hopkins na Amherst viliacha upendeleo wa nasaba kwa hiari. California ilitunga sheria mwaka 2024 ya kuukataza hata katika vyuo visivyo vya serikali, kuanzia Septemba 2025. Lakini Stanford ilichagua kuendelea nao na kuacha fedha za msaada wa jimbo kwa wanafunzi wake. Mlango wa wachezaji haukuguswa na sheria hiyo.

Kutokana na hayo twapata somo moja. Upendeleo wa jina huonekana upesi, na waweza kufutwa kwa kalamu. Ule uliovaa nguo za juhudi ni mgumu zaidi, kwa kuwa anayeufaidi amefanya kazi kweli, naye huamini kwa moyo safi kwamba hakupewa chochote. Kwa hiyo mzazi au mwalimu anapoletewa habari za chuo kinachochagua walio bora, asiulize tu mshindi alishinda nini. Aulize pia ni nani aliyeruhusiwa kuingia uwanjani.