VOLTI ZA MOTOKARI-NYUMBA

Katika nchi ya Marekani watu wengi wana motokari za namna ya pekee. Ndani mna vitanda, jiko, meza na tangi la maji. Ni nyumba yenye magurudumu. Basi, tuiite motokari-nyumba. Kila mwaka, miezi ya baridi inapofika, maelfu ya motokari hizo hukusanyika katika jangwa la Arizona, karibu na mji mdogo wa Quartzsite. Kaskazini theluji inaanguka, lakini huku jua linawaka. Wengi hukaa mahali pasipo na waya wa umeme. Kila nyumba hujitafutia umeme wake: paneli za jua juu ya paa, na bateri katika sanduku lake chini.

Huko alikuwako baba mmoja pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka 12. Baba alitundika taa ndogo za LED darini. Siku ya kwanza ziling'aa sana, hata mama akaweza kushona usiku. Lakini baada ya miezi miwili taa nne zilikuwa zimekufa, na nyingine zilitoa mwanga hafifu kama wa kimulimuli.

Baba akakasirika. «Yule muuzaji ametudanganya! Taa zimeandikwa volti 12, na bateri yetu ni ya volti 12.»

Mtoto akauliza: «Baba, tumewahi kuipima?»

Hawakuwahi. Basi mtoto akachukua kipima-volti, daftari na kalamu, akapima kutwa nzima. Alfajiri, kabla jua halijatoka, aliandika 12.2. Saa tatu asubuhi, jua likiwa limepiga paneli, aliandika 13.3. Saa sita mchana: 14.4. Jioni: 12.7. Kisha baba akawasha injini kwa bateri ile ile, na mshale wa kipimo ukaanguka ghafula mpaka 10, halafu ukapanda tena. Mtoto akatazama daftari lake, akacheka. Siku nzima hakuandika 12 hata mara moja!

Kwa nini? Kwanza tujue volti ni nini. Fikirini tangi la maji lililowekwa juu ya mnara. Tangi likiwa juu sana, maji husukumwa kwa nguvu katika bomba. Likiwa chini, husukumwa polepole. Volti ni ile nguvu ya kusukuma. Ampere ni wingi wa maji yanayopita. Jina la volti latokana na Alessandro Volta, mtaalamu wa Italia, aliyetengeneza bateri ya kwanza mwaka 1800. Bateri ya risasi na asidi, ambayo motokari nyingi huitumia hata leo, ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Bateri hiyo ina vyumba sita. Kila chumba, kikijaa umeme, hutoa volti 2.1 hivi. Zidisheni kwa sita: ni 12.6. Umeme ukipungua, volti nazo hupungua, mpaka 12 na chini yake. Na wakati wa kuijaza? Mtu hawezi kusukuma maji katika tangi kwa nguvu ndogo kuliko ile ya maji yaliyomo. Vivyo hivyo, paneli za jua lazima zisukume kwa volti nyingi kuliko za bateri yenyewe, hata 14.4, na siku za baridi kali, zaidi. Kwa hiyo maneno «volti 12» ni jina tu, kama mtu aitwaye Mrefu ambaye si mrefu kila mahali.

Sasa tuzitazame taa. Ndani ya kila taa mlikuwa na chembe tatu za LED zilizofuatana, na kizuizi kidogo cha kupunguza umeme. Kila chembe hutaka volti 3.2; zote tatu ni 9.6. Bateri ikitoa 12, kizuizi hubeba zilizobaki: 12 kutoa 9.6 ni 2.4. Bateri ikitoa 14.4, kizuizi hubeba 4.8. Tazameni vizuri! Volti za bateri ziliongezeka kidogo tu, lakini mzigo wa kizuizi umekuwa mara mbili. Na umeme unaopita katika chembe nao ukawa karibu mara mbili. Chembe zikapata moto mwingi, zikachakaa, zikafa. Muuzaji hakudanganya. Taa zilifanywa kwa volti 12 zilizotulia, na katika motokari-nyumba volti hazitulii.

Baba akaenda mjini kutafuta kidhibiti, yaani chombo kinachopokea volti zinazopanda na kushuka, na kutoa volti zilizo sawasawa. Akanunua cha bei ndogo, chenye miguu mitatu. Usiku ule taa hazikuungua, lakini zilikuwa hafifu mno. Mama akaweka sindano chini.

Kidhibiti cha namna hii hufanya kazi kama mtu aliyepewa maji mengi kuliko anayotaka: yanayozidi huyamwaga. Volti zinazozidi hugeuka kuwa moto tu. Tena hudai ushuru: ili kitoe volti 12, lazima kwanza kipokee kama 14. Usiku bateri ilikuwa na 12.4, basi kilitoa 10.4 tu. Kilifaa saa sita mchana tu.

Namna ya pili ni ya akili zaidi. Hiki humwaga kidogo tu. Hufungua na kufunga njia ya umeme upesi mno, mara elfu nyingi kwa sekunde moja, na ndani yake mna koili ya waya na kapasita zinazokusanya umeme huo wa vipande vipande na kuutoa kwa utulivu, kama beseni lipokealo maji ya ndoo na kuyatoa polepole kwa bomba. Vingine hushusha volti tu. Vingine huweza kushusha na kupandisha pia: vikipokea 11 vinatoa 12, vikipokea 14.4 vinatoa 12. Hicho ndicho kilichofaa kwa taa za mama.

Kwa simu, tofauti huonekana zaidi. Simu ya kawaida hujazwa kwa volti 5. Kidhibiti cha miguu mitatu kikitoa ampere 1 kutoka volti 14.4, simu hupata wati 5, na wati 9.4 hupotea kwa moto. Kinaunguza kidole! Kidhibiti cha namna ya pili huweza kutoa wati 5 zile zile kwa kupokea wati 6 hivi. Mwenye kibanda cha kuchaji simu katika Kongo, anayetumia bateri na paneli, ana hesabu hiyo hiyo: umeme uliogeuka moto hakuna anayeulipia.

Tena, waya mrefu na mwembamba hula volti njiani. Baba aliweka kidhibiti cha simu karibu na meza, si karibu na bateri, ili volti 5 zisisafiri mbali.

Mtoto aliuliza neno moja zaidi: «Baba, volti 12 ni kidogo, hata nikigusa sisikii kitu. Fyuzi ya nini?» Baba akamwonyesha bateri. Nyaya mbili zikigusana, bateri hiyo yaweza kutoa mamia ya ampere mara moja. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto, na kuta za motokari-nyumba nyingi zina mbao, na usiku watu wamelala. Kidhibiti hakizuii jambo hilo. Fyuzi ndiyo inayozuia: ni waya mwembamba unaoyeyuka na kukata njia kabla waya mkubwa haujawaka. Lazima iwekwe karibu sana na bateri, maana sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi.

MAULIZO. 1. Mtoto aliandika volti ngapi saa sita mchana? Kwa nini zilikuwa nyingi kuliko za alfajiri? 2. Kidhibiti cha kwanza kilishindwa usiku kwa sababu gani? 3. Taa ina chembe tatu za volti 3.2 kila moja. Bateri ikitoa volti 13.2, kizuizi hubeba volti ngapi? 4. Fyuzi yawekwa wapi?