Dondoo muhimu: Kompyuta inawaka, monita giza

Umeunga kompyuta mwenyewe hapo Bariadi, feni zinazunguka, monita haioneshi kitu? Kabla ya kupanda basi la Mwanza kutafuta fundi:

1. Kama kuna kadi ya picha, chomeka waya wa monita kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mama. Wengi hukosea hapa.
2. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni haitoi picha bila kadi.
3. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha, kisha chomoa RAM na uirudishe mpaka ilie "ta". Jaribu kijiti kimoja kimoja.
4. Hakikisha waya wa umeme wa prosesa, wenye pini 4 au 8, umechomekwa. Husahaulika sana!
5. Vumbi la kiangazi lifute kwa brashi laini, kavu. Usipulize kwa mdomo. Mate huleta kutu.
6. Bado giza? Chomoa umeme tena, toa betri ya ubao mama dakika 5, uirudishe.