SOMO LETU: PAMPU YA MAJI YA NYUMBA, PIMA KABLA YA KUNUNUA



Wengi wetu tunaofanya kazi viwandani Nalukolongo na kando ya barabara ya Masaka tunalala Nateete, katika vyumba vya kupanga. Bomba likikauka, mama na watoto hutembea na jerikani, na mfanyakazi huingia zamu bila kuoga. Ndiyo sababu wapangaji wa nyumba moja hukusanya fedha wakanunua tangi na pampu. Ni jambo jema. Lakini tumeona fedha za jasho zikipotea kwa kuwa mwenye duka ndiye aliyechagua pampu, si wanunuzi.

Kwanza tuelewe kwamba pampu haizai maji, husukuma tu yaliyopo. Hata maji ya mji mzima ni kazi ya pampu. Shirika la Taifa la Maji (NWSC), lililoundwa mwaka 1972, huyavuta kutoka Ziwa Viktoria pale Gaba, huyasafisha, huyapandisha kwenye matangi ya vilimani kama Muyenga, kisha yanateremka yenyewe. Nyumbani tunafanya vivyo hivyo kwa udogo: tangi la chini hupokea maji ya bomba saa yanapokuja, pampu huyapeleka tangi la juu, nasi tunateka.

Msikubali fundi aunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Ikivuta humo humnyang'anya jirani, na bomba likiwa na ufa, maji machafu ya mtaroni huingia ndani. Sehemu kubwa ya Nateete iko bondeni na mfereji wa Nalukolongo hufurika. Hatuhitaji kuambiwa ni uchafu gani. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya visima vifupi vya hapa yako karibu na vyoo vya shimo. Pampu haiyasafishi. Ni ya kufulia na kudeki. Ya kunywa yachemshwe.

Sasa tupige hesabu. Nyumba ina vyumba 8, kila chumba watu 4, jumla watu 32. Kila mtu akipata jerikani moja ya lita 20 kwa siku, ni lita 640. Tangi la lita 1,000 latosha. Halafu chukueni kamba mpime urefu kutoka usawa wa maji ya chini hadi mdomo wa tangi la juu. Tuseme ni mita 11. Ongezeni mita 4 kwa ajili ya msuguano wa mabomba na kona, mpate 15. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Someni kibati cha pampu. Kikiandikwa mita 35 na lita 40 kwa dakika, msidhani mtapata yote mawili kwa pamoja. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwenye mita 35 maji hayatoki kabisa, na zile lita 40 ni pale isipopandisha kitu. Kwa mita 15, pampu ndogo kama hiyo ya nusu farasi hutoa kama lita 20 kwa dakika, na lita zetu 640 hupanda kwa nusu saa na ushei. Farasi wawili wa nini basi? Ni bei kubwa na umeme mwingi bure.

Jambo jingine ni kina. Pampu inayokaa juu ya ardhi huondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Mombasa, pwani, uzito huo waweza kuyapandisha karibu mita 10. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, haifiki hata mita 9. Kwa kazi ya kweli msitegemee zaidi ya mita 6. Maji yakiwa chini kuliko hapo, ongezeni farasi mpendavyo, hayaji. Inatakiwa pampu ya kuzamishwa majini. Wala msishushe injini ya petroli kisimani ili kuyasogelea. Moshi wake hauonekani sana, lakini huua aliyeshuka na ndugu anayemfuata kumwokoa.

Utunzaji si mgumu kwa mtu aliyezoea mashine. Adui wa kwanza ni kuzunguka bila maji, maana maji ndiyo yanayopoza sili. Dakika chache tu zatosha kuiunguza. Wekeni floti tangi la chini ya kuzima mota maji yakiisha, na nyingine juu ili yasimwagike. Pampu ya juu ya ardhi ijazwe maji kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Kama kila asubuhi inataka kujazwa tena, vali ya chini ya bomba la kuvutia inavuja au imeshika takataka. Mota ikinguruma bila kuzunguka, izimeni mara moja: huenda umeme ni hafifu, kapasita imekufa, au imekwama. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, aiguse fundi tu. Pampu ijengewe jukwaa la saruji juu ya usawa wa mafuriko, iezekwe, na waya wa ardhi ufungwe kweli, usining'inie kwa mapambo. Mtoto mwenye miguu iliyolowa hushika bomba hilo kila siku.

Mwisho ni karatasi. Kabla ya kutoa shilingi, andikeni na mwenye nyumba: pampu ni ya nani, nani analipa umeme na fundi, na anayehama arudishiwe nini. Wote watie sahihi, risiti iandikwe kwa jina la kamati ya wapangaji, na nakala ikae kwa watu wawili, mmoja awe mama anayeshinda nyumbani. Yeye ndiye huijua pampu kuliko sisi tunaorudi jioni, naye ashike ufunguo wa swichi.