Boila ya Kiwanda cha Chai: Somo kwa Anayeanza

Ndugu wanachama, katika vyama vyenye viwanda vya chai, bodi hujadili bei ya majani kwa saa nyingi, lakini chumba cha boila huachiwa mpika moto peke yake. Jambo hili halifai. Boila ikisimama, majani yaliyochumwa asubuhi hupata joto katika lundo na kuharibika. Boila ikipasuka, hatuzungumzii tena majani.

Kuni huchemsha maji, na mvuke hupita katika mabomba hadi kwenye vipasha hewa. Hewa hiyo ya moto hukausha chai mpaka ibaki na unyevu wa asilimia 3 hivi. Mbona tusipeleke maji ya moto tu? Kwa sababu kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Joto hilo mvuke hulibeba, na hulitua pale unapogeuka tena kuwa maji.

Mgeni akiingia hutazama kwanza saa ya shinikizo. Mimi humwelekeza kwenye kioo cha maji. Chuma kinachopigwa na moto hakidhuriki maadamu kimefunikwa na maji. Kikiachwa kikavu hulainika, kikashindwa kuhimili shinikizo lile lile kilichohimili jana.

Kioo nacho huweza kudanganya. Katika kiwanda kimoja nilikuta maji yametulia kiooni kama ya mtungini, na mpika moto akiusifu utulivu ule. Tulipofungua koki ya chini yalitoka matope: njia ilikuwa imeziba. Boila inapofanya kazi, maji ya kiooni hucheza kidogo, yasipocheza, yashukiwe. Basi kila mwanzo wa zamu maji ya kioo yatolewe kwa koki ya chini, kisha ifungwe. Yakirudi polepole, pana kizuizi.

Je, maji yakitoweka kabisa kiooni? Msifungulie pampu! Maji yakigusa chuma kilichopita kiasi cha moto hugeuka mvuke kwa ghafula, na mvuke katika hewa ya kawaida huchukua nafasi mara 1,600 hivi ya maji yake. Simamisheni feni, msiongeze kuni, funikeni moto kwa majivu, watu waondoke, boila ipoe yenyewe, kisha fundi aitwe. Kila mpika moto niliyemwuliza aliyajua haya. Kinachomfanya afungulie pampu ni hofu ya kudaiwa chai itakayoharibika. Kwa hiyo bodi iandike katika muhtasari wake kwamba anayezima moto kwa sababu ya maji hatakatwa mshahara wala kulaumiwa, na azimio hilo libandikwe mlangoni.

Mengine ni ya kawaida. Maji yasiyosafishwa hujenga ukoko ndani, nao huzuia joto na kula kuni; matope yatolewe chini ya boila kama fundi alivyoelekeza. Kuni ziwe kavu. Mabomba yakigonga, maji yamekusanyika ndani: fungulieni mvuke polepole, na mtazame kama bomba limelegea likapoteza mteremko wake. Vali ya usalama isifungwe waya wala kutundikwa uzito, hata kama inavuja.

Nijapo kukagua, pamoja na daftari la fedha nitaomba daftari la boila, lenye saa na sahihi ya kila aliyesafisha kioo.